Mzazi uliyeko Marekani: ile fomu ya lugha ya nyumbani usiijaze kwa aibu

#1 Mkalimani wa Zamu

Wakuu, salaam.

Mimi humu ni msomaji tu, napita kwenye nyuzi za watu nasoma naondoka. Leo nimetoka kwenye kikao cha shule na jambo limenikaa kooni, acha nilitoe.

Niko Marekani, mji wenye Wakongo wengi waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale. Nafanya ukalimani wa Kiswahili, hospitalini na mashuleni. Leo nimeitwa shule moja ya kati. Mezani yuko mama, makamu wa mkuu wa shule, mwalimu wa sayansi, na mimi. Mwalimu anasema kijana ana miaka 12, hasemi, analala darasani, sifuri zimepangana kama shanga. Makamu anasema labda apimwe, huenda ana tatizo la kujifunza.

Mama akauliza swali moja: "Kwani mwanangu hayumo kwenye lile darasa la Kiingereza la wenzake?"

Makamu akafungua faili. Iko karatasi inayojazwa siku ya kuandikisha mtoto, wanaiita fomu ya lugha ya nyumbani. Kwa kawaida ina maswali kama matatu: mtoto alianza kusema lugha gani, nyumbani mnasema lugha gani, mtoto mwenyewe hupenda kusema lugha gani. Majibu yote matatu yameandikwa ENGLISH, herufi kubwa, mwandiko wa mtoto. Mama akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini: "Hiyo siku hapakuwa na mkalimani. Nikamwambia yeye aandike hivyo, wasije wakamshusha darasa."

Mkalimani haruhusiwi kushauri. Unatafsiri unanyamaza. Nikatafsiri, nikanyamaza. Humu siko kazini, kwa hiyo nasema.

Mtoto asiyejua Kiingereza vizuri, kwenye shule ya umma ya Marekani, kusaidiwa ni HAKI YAKE KISHERIA. Siyo fadhila ya mwalimu mwenye roho nzuri. Na haki hiyo mlango wake ni ile fomu. Ukiandika lugha nyingine, shule inatakiwa impime mtoto Kiingereza. Akionekana bado, aingizwe kwenye mpango wa lugha, na wewe mzazi uandikiwe barua ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze (aliyeingia katikati ya mwaka ni wiki mbili) ikieleza amepata kiwango gani, atafundishwa vipi na atatoka lini. Ukiandika Kiingereza kitupu, mtoto hapimwi, anakaa nyuma ya darasa kama mgeni kwenye msiba wa watu asiowajua.

Kuandika ukweli kwenye fomu hakumshushi darasa. Hakumwekei alama mbaya kwenye cheti. Fomu haiendi uhamiaji. Haina malipo, na hili nalisema kwa ajili ya ndugu zangu Wakongo wanaoogopa minerval (karo): shule ya umma huku hailipiwi, na darasa la ESL, yaani lile la Kiingereza kwa wasiokijua, halilipiwi.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

#2 Kijiti cha Mwisho

Naweka mkeka hapa. Dada yangu anaenda mwezi ujao na watoto watatu.

#3 Mla Ugali Mkavu

Mleta uzi, heshima yako, ila mnawadekeza hao watoto. Mimi nimesoma shule ya msingi kijijini, Kiswahili mwanzo mwisho. Kiingereza kilikuwa kipindi cha mwalimu mmoja naye anakisoma kwenye kitabu. Nikaingia Form One, kesho yake baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, ukisema Kiswahili unavishwa kibao shingoni. Hakuna aliyetupima, hakuna aliyetuletea barua. Mbona tumetoka? Mtoto mtupe kwenye maji, ataogelea.

#4 Mkalimani wa Zamu

Mkuu Mla Ugali, nami nimepita njia hiyohiyo, Kigoma. Nakuuliza: mlioingia Form One mlikuwa wangapi, mkafika Form Four na vyeti vya maana wangapi? Sisi tuliotoka ndio tunaosimulia. Waliozama hawapo humu jukwaani. Mimi nilikariri maana ya usanisinuru kwa Kiingereza neno kwa neno kama sala, nikapata alama zangu. Kuja kuelewa kwamba ni jani kujipikia chakula kwa jua, nilishamaliza shule.

Sasa hoja yako hiyo ilishapelekwa mahakamani huku, miaka 50 na ushei iliyopita. San Francisco palikuwa na watoto wa Kichina karibu 2,800 wasiojua Kiingereza. Kama 1,000 walipewa masomo ya ziada, wale 1,800 waliobaki waliachwa waogelee. Wazazi wakashtaki. Shule ikajibu kama wewe: sisi hatukumbagua mtu, kitabu ni kimoja, mwalimu ni mmoja, dawati ni moja. Kesi inaitwa Lau v. Nichols. Januari 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote bila hata mmoja kupinga, ikakataa hoja hiyo. Jaji Douglas aliandika kwamba kuwapa watoto majengo yaleyale, vitabu vilevile na walimu walewale siyo kuwatendea sawa, kama hawaelewi kinachosemwa. Msingi wao ulikuwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu ya sita: anayepokea pesa za serikali kuu asibague mtu kwa asili ya taifa lake.

Kuna kitu ndani ya hukumu ile ambacho sisi Waswahili inabidi tukisome mara mbili. Jaji Blackmun alikubaliana na wenzake lakini akaongeza lake: kwake yeye, wingi ndio uliobeba kesi. Watoto 1,800 ni jambo moja. Angekuwa mtoto mmoja asemaye Kijerumani au Kipolandi, pengine angeamua vingine. Haya, shuleni kwenu wanaosema Kiswahili ni wangapi? Wawili? Familia yako tu?

Hapo ndipo inapokuja sheria ya pili, ya Agosti mwaka uleule wa 1974, sheria ya fursa sawa za elimu. Hiyo haihesabu vichwa. Inasema jimbo lisimnyime MTU fursa sawa kwa shule kushindwa kuchukua hatua zinazofaa kuvuka kizuizi cha lugha. Mtu, mmoja. Mtoto wako akiwa peke yake shule nzima, anatosha.

#5 Mla Ugali Mkavu

Hapo kwenye "waliozama hawapo jukwaani" umenifunga mdomo. Endelea.

#6 Baba Watano

Yaya mukalimani, asante kwa huu uzi. Mimi niko Mubembe wa Fizi, nilikaa Nyarugusu miaka 19, batoto bote batano bamezaliwa kule. Kule masomo yao ilikuwa ya programu ya Congo, Kifaransa. Tumefika huku mwaka jana.

Maswali yangu iko mbili. Ya kwanza: ule mukubwa, musichana, ana miaka 17. Shule ya secondaire ilisema amechelewa, hatapata krediti za kumaliza, bora aende kwa programu ingine ya watu bakubwa, masaa tatu tu kila asubuhi mbele ya kompyuta. Tulikubali kwa sababu direkta ndiye alisema. Ni sawa?

Ya pili: ile karatasi unasema, na mimi niliandika English. Ninaweza kuibadilisha ama imekwisha?

#7 Mkalimani wa Zamu

Baba Watano, karibu sana. Naanza na la pili maana ni jepesi: inabadilishwa. Nenda ofisi ya shule, sema majibu ya kwanza hayakuwa sahihi, unataka kujaza upya na mtoto apimwe. Andika ukweli, Kibembe na Kiswahili zote mbili. Omba mkalimani, wasikuambie umlete mwanao akutafsirie. Weka tarehe kwenye karatasi, piga picha kwa simu kabla hujaiacha.

La kwanza ni zito, ndugu yangu. Sikiliza kesi hii.

Mji wa Lancaster, Pennsylvania. Mji umepokea wakimbizi wengi. Walifika vijana wa miaka 17 mpaka 21, kutoka Sudan, Somalia, Burma na huko kwenu Congo. Sekondari kubwa ya mji ilikuwa na kitengo maalumu cha wageni, Kiingereza cha nguvu mwaka mzima wa kwanza. Lakini wilaya ya shule ikawa inawapeleka vijana hawa kwingine, shule ya masomo ya haraka iliyoendeshwa na kampuni binafsi, wamalize krediti (hesabu ya masomo yanayotakiwa kuhitimu) wapate cheti kabla umri haujawatupa nje. Asubuhi mlangoni wanapekuliwa mwilini. Darasani wanasukumwa mbele kwa kasi ambayo hata mzawa angehema. Wengine walikataliwa kabisa kuandikishwa, au walisubirishwa miezi.

Wakashtaki: Issa v. School District of Lancaster. Mwaka 2016 jaji akaamuru waruhusiwe kuingia ile sekondari ya kawaida, na Januari 2017 mahakama ya rufaa ya Philadelphia ikakubaliana naye. Silaha yao ilikuwa ileile sheria ya Agosti 1974. Majaji walipima mpango wa shule kwa maswali matatu yaliyotoka kwenye kesi nyingine ya Texas, ya 1981, Castañeda v. Pickard. Nayaweka kwa Kiswahili cha sokoni: Je, njia mnayotumia kufundisha ina msingi unaokubalika na wanaojua mambo ya lugha? Je, mmeiwekea walimu na vifaa, au iko kwenye karatasi tu? Na je, mkishaijaribu kwa muda, watoto wanajifunza kweli? Mpango wa Lancaster ulikwama tangu swali la kwanza, kwa sababu haukuwa umetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeanza Kiingereza.

Hukumu hiyo inabana majimbo yaliyo chini ya mahakama ile, Pennsylvania, New Jersey na Delaware. Kwingine wakili anaweza kuitaja, jaji akaisikiliza. Sheria ya 1974 yenyewe ni ya nchi nzima. Na umri: Pennsylvania kijana anasoma bure mpaka 21. Majimbo yanatofautiana, kwa hiyo uliza la kwenu, ila miaka 17 si umri wa kufukuzwa popote ninapojua.

Waambie unataka binti apimwe Kiingereza na aandikishwe sekondari ya kawaida yenye walimu wa ESL. Wakikataa, omba wakupe sababu KWA MAANDISHI. Direkta huku si kama prefe (mkuu wa sekondari) wa kwenu, anaweza kuulizwa.

#8 Shangazi wa Baridi

Mkalimani Mungu akubariki. Mimi nina mtoto wa kaka yangu naishi naye. Wamesema wanataka kumuingiza kwenye elimu maalumu. Nimeitwa kikao, nikaambiwa nisaini. Karatasi 14 za Kiingereza. Mtoto alikuwa akisoma hadithi za Kiswahili Bukoba bila shida yoyote!

#9 Mkalimani wa Zamu

Shangazi, usisaini usichokielewa. Kikao hicho kinaitwa cha IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja, na sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu inaitaka shule ifanye kila linalohitajika mzazi aelewe kinachoendelea, pamoja na kuleta mkalimani. Ukiwaambia "sielewi, naomba mkalimani, tupange siku nyingine", hujakosa adabu.

Mtoto apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana. Na kutokujua Kiingereza peke yake si sababu ya kumwita mlemavu. Walishafanya hivyo California: watoto wa Kimeksiko wakapewa mtihani wa akili kwa Kiingereza, wakaanguka, wakawekwa madarasa ya wenye akili punguani. Kesi ya 1970, Diana. Walipopimwa upya kwa Kihispania wengi wao walionekana wazima kabisa.

Wewe una ushahidi mkubwa kuliko unavyojua. Beba kile kitabu cha hadithi, mtoto asome mbele yao, akuhadithie kwa Kiswahili alichosoma, mkalimani atafsiri. Mtu anayesoma lugha moja vizuri na kuanguka kwenye nyingine, shida yake iko wazi.

Niseme na upande wa pili, nisije nikawapotosha. Wako watoto wenye tatizo kweli NA hawajui Kiingereza. Hao wana haki ya vyote viwili. Shule isikuambie uchague, ESL au elimu maalumu. Nimeshasikia "ratiba haina nafasi ya vyote". Ratiba ni yao, waipange.

#10 Msee wa Minnesota

Mimi ni Mkenya, na niko na swali tofauti. Sisi nyumbani tunaongea English na Kiswahili, watoto wangu wamesoma Nairobi kwa English tangu nursery. Niliandika ukweli kwa hiyo fomu, basi binti yangu wa darasa la nne akaitwa kupimwa. Alifanya huo mtihani akakosa alama kidogo kwa upande wa kuandika, sasa anatolewa darasani kila siku. Anasema anaona aibu. Naweza kukataa?

#11 Mkalimani wa Zamu

Unaweza. Mzazi ana haki ya kukataa huduma, yote au sehemu, kwa maandishi. Ila ujue mambo mawili. Ukikataa, mtoto bado anahesabika kama mwanafunzi anayejifunza Kiingereza na atafanya ule mtihani wa kila mwaka mpaka afaulu. Na shule haijavuliwa mzigo. Ikimwona anazama inatakiwa imsaidie kwa njia nyingine, na ikurudie wewe.

Kabla hujakataa, uliza anatolewa kipindi gani. Kama wanamtoa wakati wa hesabu, gombana nao kwenye hilo kwanza, maana hawatakiwi kumpa Kiingereza kwa kumnyang'anya masomo mengine. Akikosa kidogo tu upande wa kuandika, pengine mwaka ujao anatoka. Akishatoka, shule inamfuatilia kwa angalau miaka miwili isije ikawa alitolewa mapema.

#12 Mpenda Katiba

Mleta uzi unaandika kana kwamba tuko 2015. Machi 2025 rais amesaini amri Kiingereza kiwe lugha rasmi ya Marekani. Haya yote si yameshakufa?

#13 Mkalimani wa Zamu

Nilikuwa nasubiri swali hili.

Ni kweli, tarehe 1 Machi 2025. Amri hiyo ilifuta amri ya Rais Clinton ya mwaka 2000 iliyozitaka ofisi za serikali kuu na wanaopokea pesa zake kuwahudumia wasiojua Kiingereza. Mwezi huohuo Wizara ya Elimu ilipunguzwa watumishi karibu nusu, na ofisi 7 kati ya 12 za kanda zinazoshughulikia malalamiko ya haki za kiraia zikafungwa. Agosti 2025 wizara ikaondoa waraka wa Januari 2015. Huo waraka ndio uliokuwa kama msaafu wetu: uliandika kila kitu kwa lugha nyepesi, mpaka kwamba shule isimtumie mtoto kuwa mkalimani wa mzazi wake.

Sasa tenganisha. Amri ya rais ni amri. Waraka wa wizara ni maelezo ya jinsi wizara inavyoisoma sheria. Sheria yenyewe ni ya Bunge. Ya 1964 ipo. Ya 1974 ipo. Ile sheria ya elimu ya 2015 (ESSA, siyo ule waraka), inayodai barua ya siku 30, ipo. Lau ipo, Castañeda ipo. Na hata ile amri ya Machi inasema wazi kwamba haizilazimishi ofisi kuacha huduma zinazotolewa kwa lugha nyingine.

Kilichodhoofika ni mkono wa kushika fimbo. Malalamiko kwa Ofisi ya Haki za Kiraia bado yanapokelewa, ndani ya siku 180 tangu tukio, lakini usitegemee majibu ya haraka. Kwa hiyo mimi siku hizi nawaambia watu waanzie karibu: mwalimu wa ESL, mratibu wa lugha wa wilaya, idara ya elimu ya jimbo. Majimbo mengi yana kanuni zao wenyewe. New York kwa mfano ina kanuni nzima ya mambo haya. Na ikishindikana kabisa, sheria ya 1974 inamruhusu mzazi aende mahakamani mwenyewe bila kusubiri ofisi yoyote. Mawakili wa msaada wa kisheria wapo, Lancaster waliwatumia haohao.

#14 Jina Kapuni

Samahani naandika kwa jina la kujificha. Kama wazazi hawana makaratasi? Mtoto wa miaka 8. Ofisi imeomba namba ya hifadhi ya jamii.

#15 Mkalimani wa Zamu

Ndugu yangu, kuwa na amani kwenye hili. Plyler v. Doe, 1982. Texas ilikuwa na sheria ya kuzinyima shule pesa za watoto wasio na vibali, na wilaya ya Tyler ikawatoza wazazi wao dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto. Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wanne, ikasema mtoto hawezi kufungiwa mlango wa shule kwa jambo hilo. Wako wanasiasa wanaotamani hukumu hiyo ibatilishwe, lakini mpaka naandika hapa ndiyo inayotawala.

Shule inaweza kudai uthibitisho wa makazi, umri, na chanjo. Bili ya umeme, mkataba wa nyumba. Namba ya hifadhi ya jamii huwezi kulazimishwa. Acha wazi, sema sina cha kuandika hapo. Usiandike namba ya mtu mwingine hata kama jirani amekushauri kwa nia njema. Hapo ndipo matatizo ya kweli yanapoanzia.

#16 Kijiti cha Mwisho

Mimi nina swali la mkalimani. Dada anasema aliongea na mkalimani wa simu wa Kiswahili ubalozini hakumwelewa kabisa. Mtu akipewa mkalimani asiyemwelewa inakuwaje?

#17 Mkalimani wa Zamu

Heee. Hili linanihusu mimi mwenyewe, nikiri.

Mwanzoni nilikuwa nawaambia Wakongo "tathmini ya umahiri wa lugha" kwa sauti ya taarifa ya habari. Mama mmoja wa Uvira ananiitikia "ndiyo, ndiyo" dakika 20. Mwisho akamuuliza mwanawe: "Huyu baba anasema nini?" Yeye shule ni masomo, ripoti ni biletini, na Kiswahili chenyewe ni cha tatu baada ya Kifuliiru na Kifaransa cha kanisani. Kosa lilikuwa langu. Wengine Kiswahili wanakisema tu kwa sababu ndicho mwandikishaji alichokipata kwenye orodha yake, wakati lugha ya moyoni ni Kirundi au Kinyamulenge.

Usiitikie kwa heshima. Sema "simwelewi huyu, naomba mwingine, wa Congo". Kwenye simu wanabadilisha kwa dakika mbili. Nasi tulio kazini tujifunze, lugha ya watu si kosa la kusahihisha.

#18 Mla Ugali Mkavu

Kumbe na wewe ulivaa kibao, ila ulikuwa unawavisha wenzako.

#19 Mkalimani wa Zamu

Umenipata, mkuu. Napokea.

#20 Baba Watano

Yaya, nimerudi. Imepita wiki tatu.

Nilienda. Mama wa ofisi alisema forme haibadiliki. Nilimwambia ile ulisema, niandikie kwa karatasi kama haibadiliki. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akarudi na forme mpya. Niliandika Kibembe, Kiswahili. Batoto bane balipimwa wiki ileile. Wa mwisho hajafika umri.

Musichana mukubwa walikataa mara ya kwanza. Mara ya pili nilienda na mukalimani wa kanisa letu na nikasema jina ya ule muji, Lancaster. Sijui kama ni ile jina ao ni kuchoka na mimi. Anaanza sekondari ya kawaida Jumatatu.

Sasa leo tumepata barua ya ule wa miaka 10. Wametuandikia kwa Kiswahili, nilifurahi. Lakini nimeisoma na bibi yangu mara tatu tumeogopa. Inasema hivi: "Hongera! Mtoto wako amehitimu kwa huduma za lugha. Atavutwa nje ya darasa dakika 45 kila siku." Amehitimu namna gani na hajasoma hata mwezi? Masomo imekwisha? Na nani atamuvuta?

#21 Msee wa Minnesota

Woi. Hiyo ni kompyuta imetafsiri.

#22 Mkalimani wa Zamu

Baba Watano, nimecheka kwanza, unisamehe, kisha nikaona uchungu.

Hajahitimu. Walitaka kusema ANASTAHILI kupata huduma. Kuvutwa nje maana yake mwalimu wa ESL atakuwa anakuja kumchukua na wenzake wachache, wanakwenda chumba kingine wanafundishwa Kiingereza dakika 45, kisha anarudi darasani kwake. Hakuna wa kumvuta.

Wapelekee shule barua hiyo, waambie hamkuielewa, waombe iandikwe upya na mtu. Mistari hiyo miwili pia nitumie pembeni, funika jina la mtoto. Na kesho asibaki nyumbani kwa kudhani amemaliza. Basi la shule ni lilelile, muda uleule.

#23 Baba Watano

Leo hakuenda. Kesho ataenda.